Kipima Mvua cha Baba

Nyumba za Wafanyakazi,
Kituo cha Utafiti wa Mbegu.
9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. U hali gani huko, na kifua cha shemeji kimepata nafuu? Sisi ni wazima. Mama mdogo anaugua goti, na analisema kutwa kama mgeni aliyegoma kuondoka.

Ule mradi wa umeme wa jua umekamilika. Mashamba yote ya majaribio, kuanzia ghala la mbegu hadi barabarani, sasa ni paneli tupu. Tumeambiwa utafiti utahamia kwingine. Mimi nimebakizwa kama fundi wa nyaya, kwa hiyo sina la kulalamika. Naamka, nafunga buti, nakaza skrubu, narudi nyumbani.

Baba, pamoja na kustaafu kwake, hakuacha kwenda kila asubuhi kusoma kipima mvua. Wenye mradi hawakukigusa, maana ni mali ya serikali. Wakasimamisha paneli juu yake.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi ilikuwa bado inanyesha. Baba alirudi ameloa chapachapa, akaniambia, "Leo hakuna mvua." Nikadhani ananitania. Lakini unamjua, yeye husoma kilichomo kwenye chupa ya kipima, si kilicholowesha shati. Alikaa kwenye kochi na viatu vyake, maji yakimchuruzika hadi kwenye zulia, na mama mdogo hakumgombeza. Kisha akasema, "Kaking'oe, mwanangu. Kitakuja kumdanganya mtu."

Nikaenda na sululu, nikaking'oa, nikafukia shimo. Nilidhani nitalia, Dada. Sikusikia chochote, na hata sasa ninapokuandikia nimeganda tu.

Uliuliza kama Baba atakubali kuja kuishi kwako. Miaka yote alikuwa akijibu kwamba mvua ya hapa haina mwingine wa kuisoma. Juzi nilimuuliza tena, akasema sawa. Hakuuliza hata safari ni lini.

Atafika na basi la Jumamosi. Msalimie shemeji na wapwa wangu, hasa yule Mtundu, na Mungu awafunike kwa rehema zake.

Kipima mvua nimekiviringisha ndani ya sweta la Baba, kwenye begi. Yeye hajui. Tafuta mahali uani pasipo na paa, ukisimike kabla hajaamka.

Nduguyo akupendaye,
Fundi