Nimemwita Esperansi Mara Tatu

Jumanne. Mvua ya jana imelilaza vumbi la Mpanda, hewa inanukia udongo, na mimi sauti sina. Imekauka kabisa. Nimefika nyumbani nacheka peke yangu mpaka mume wangu ananiuliza nimekunywa nini. Maji, baba watoto, maji tu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mhudumu wa mahakama. Kazi yangu kubwa ni kusimama barazani na kuwaita watu kwenye mashauri yao. Jina mara tatu, kwa nguvu, ili hata aliyevuka barabara kununua karanga asikie. Sauti Mungu kanipa. Kwaya yetu ya Ilembo walinihamishia mstari wa nyuma kwa sababu yake, na nilinuna sana.

Sasa ofisini kuna karani mkuu. Humu nimwite Bwana Tai, maana hata jua liwake vipi, tai yake shingoni haivui. Na kuna Esperansi, karani mpya, binti mdogo tu (jina si lake, ila kaniruhusu niandike). Mkataba wake ni wa muda, na Bwana Tai ndiye anayesema uongezwe au usiongezwe. Basi huyu baba kazi yake kumwita chumba cha majalada ya zamani, eti amtafutie faili, kisha mlango anausukuma kwa kisigino. Mkono kiunoni. Maneno ya ovyo sikioni. Wiki iliyopita kwa mama lishe binti alishindwa kumeza wali, akaniambia, "Dada Kulwa, mimi naacha kazi. Bora nirudi nikalime na mama."

Na kazi anaipenda, jamani!

Tulikuwa tunajua. Mimi, afande wa zamu, mkalimani wetu wa Kisukuma. Kila mmoja anaangalia pembeni, anasema moyoni mwenzangu atasema.

Leo asubuhi nikiwa barazani nikamwona Esperansi anaingia kule chumbani, Bwana Tai nyuma yake. Mlango ukafungwa.

Weee, nikabishe hodi? Atasema nafuatilia yasiyonihusu, na mimi nina watoto wanasoma. Niliogopa, sifichi. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe.

"Esperansi Nzeyimana!"

Baraza zima likageuka. Nikaita ya pili, mlango bado umefungwa. Kulikuwa na mzee amekuja na kesi ya ng'ombe walioingia shamba la watu. Akadhani kuna mwenye shauri amechelewa, akamwonea huruma, akasimama na fimbo yake kunisaidia: "Esperansi, unaitwa mwanangu! Watakufutia kesi!" Akina mama wa kwenye benchi nao wakadakia. Ya tatu tuliita wote, na nyie kwaya ya Ilembo mngesikia mngeona wivu.

Kutoka nyuma ya mlango ule ikaja sauti nyembamba: "Nipo!"

Mlango ukafunguka. Akatoka binti, macho mekundu lakini kichwa juu. Nyuma yake Bwana Tai, tai imeenda upande. Akauliza kwa ukali nani anamwita mtumishi kama mshtakiwa.

"Mimi, bosi. Anahitajika."

"Na nani?"

"Na mimi."

Benchi zima likaangua kicheko. Afande hakucheka. Alizunguka nyuma ya jengo, akarudi na tofali, akaliweka pale mlangoni ili usifungike tena, kisha akasimama hapo hapo.

Haikuchukua muda mheshimiwa hakimu mfawidhi akatuma niitwe. Nikajua leo kibarua kimeota nyasi. Mheshimiwa wetu ni mama, akaniuliza kelele zile ni za nini. Kabla sijajibu Esperansi alishaingia, akaeleza yote mwenyewe. Alilia katikati, akafuta machozi, akaendelea. Afande na mkalimani wakaingia bila kuitwa: na sisi tumeona, mheshimiwa, na leo si mara ya kwanza.

Mchana Bwana Tai hakuwepo mezani kwake. Ameambiwa akae nyumbani wakati suala lake linapelekwa juu, na mkataba wa binti mheshimiwa atauangalia yeye mwenyewe. Mimi nimeonywa nisiite tena watumishi barazani, ila niliona kabisa mheshimiwa anabana kicheko.

Mzee wa ng'ombe alipokuwa anaondoka aliniuliza kama yule binti ameshinda kesi. Nikamwambia bado, ila ameitika.

Jioni tumeagana na Esperansi pale njia ya Ilembo inapochepuka, akaniachia mwavuli wake nisije nikanyeshewa. Nimetembea kidogo tu, nikasikia nyuma yangu, "Kulwa Masanja!" Mara tatu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Bodaboda wote kijiweni wakageuka. Nilitaka kujibu, sauti haikutoka, nikainua mkono juu pamoja na mwavuli wake.

Nipo, mdogo wangu. Na kesho asubuhi nipo.