Nani Amkabidhi Emmett Cheti?

Shangazi Dottie mpendwa,

Pole na kazi ya kusoma shida za watu wazima kila Jumatano, na leo nipokee na mimi, maana mke wangu Colleen amechoka kunisikiliza, amesema kama ushauri wake siutaki basi nikuandikie wewe. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule za mji wetu, na mwanangu Emmett anamaliza sekondari mwezi huu, shule ileile niliyosoma mimi, ile iliyojengwa kwenye mashamba ya vitunguu enzi zile askari wamerudi kutoka vitani na nyumba zinaota kila upande, na mpaka leo mvua ikinyesha uwanja wa mpira unanuka vitunguu, nasi tunajisifia kwamba wageni huanza kulia kabla hatujawafunga. Kwenye korido kuna kabati la vikombe na picha yangu imo, nimeshika mpira, na nina nywele.

Sasa hapa kwetu kuna desturi, mtu yeyote anayefanya kazi shuleni au aliye kwenye bodi anaweza kumkabidhi mhitimu cheti, mradi mhitimu mwenyewe amtaje, na asipomtaja mtu basi anakabidhiwa na mwenyekiti. Mimi nilikabidhiwa na baba yangu, marehemu mzee Orville, dereva wa basi la njano la shule, alipanda jukwaani na koti lake la kazi akaniambia, "Haya kijana, shuka, kituo chako kimefika," ukumbi mzima ukacheka na mimi nikalia mbele ya timu yangu. Sikufichi Shangazi, niligombea ujumbe wa bodi kwa sababu nyingi nzuri, lakini mojawapo ni hiyo, nisimame pale siku ya Emmett.

Basi mwezi uliopita tukiwa mezani nikamwambia nimeshapeleka suti kwa dobi. Akaacha kula. "Baba, usikasirike," akasema. "Nimemtaja mwalimu Sobczak." Huyo ni mwalimu wa useremala, mama mmoja mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. "Wa mbao?" nikauliza. "Kwani kakufanyia nini?" Ndipo akanieleza jambo nisilolijua, kwamba mwaka wake wa kwanza pale hakuna meza bwaloni iliyomtaka, kila akitaka kuketi anaambiwa nafasi ina mtu, ikafika mahali anakula chooni, mpaka siku moja mwalimu Sobczak akamkuta koridoni na mkate wake wa siagi ya karanga, akamwambia, "We mrefu, hebu njoo unishikie ubao, na hicho chakula chako uje nacho." Kesho yake ubao ukamshinda mwalimu tena, akamwita. Keshokutwa vilevile. Emmett amekula karakanani miaka yote hii, na siku hizi wamekuwa kundi zima, wana utani wao, na ndio hao rafiki zake ninaowanunulia piza kila Ijumaa nikidhani wamejuana kwenye hesabu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. Akasema, "Baba, picha yako iko pale pale mlangoni pa bwalo. Ningekuambiaje?"

Nikatoka nje nikakata nyasi ambazo nilikuwa nimezikata jana yake. Namshukuru yule mama, Shangazi, namshukuru kwa dhati, na papo hapo namwonea wivu. Hayo ningeyameza. Lakini juzi baada ya kikao cha bodi alinivuta pembeni mwenyewe, akasema, "Mzazi, siku ile ni yako. Mimi nitasema nimeteguka mguu. Mtoto hatajua, panda wewe." Nikamjibu nitafikiria. Nilipaswa kukataa palepale, na sikukataa, na mahafali ni Jumapili ijayo. Nifanyeje?

Mjumbe Mwenye Suti

*

Mjumbe wangu,

Barua yako nimeisoma nikalia, nikairudia nikatamani kukuchapa nayo.

Kwanza hongera. Una mtoto aliyekataliwa na meza zote za bwalo, akatoka huko bila kinyongo, tena ana moyo wa kumshukuru aliyemfaa na wa kukuomba wewe usiumie. Wangapi wanao kama huyo? Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa pili umeujua jina. Kuna wazazi wanazeeka hawajui wamshukuru nani.

Sasa nikugombeze. Eti utafikiria! Unafikiria nini? Mama wa watu amekukalia na mwanao mchana baada ya mchana, asikudai hata asante, halafu unataka zawadi yake iwe ni kuchechemea kwa uongo mbele ya mji? Na mji wenyewe huu huu! Jumatatu Emmett atakutana naye dukani anasukuma kitoroli kwa mwendo wa askari, na wakati huo utamweleza nini?

Mzee Orville Mungu amrehemu, lakini hakujipandisha jukwaani. Ni wewe uliyemtaja. Ndiyo maana ulilia. Mara hii jina lililotajwa si lako, na inauma, mimi naijua hiyo. Nilikuwa karani wa ofisi kwenye shule hiyo hiyo, na binti yangu akamtaja kocha wa kuogelea. Nilinuna, nikapika bila chumvi kwa makusudi. Leo nikimwona yule kocha namkumbatia mpaka anadondosha maziwa.

La picha silitii chumvi. Hukujiweka kabatini mwenyewe. Ila mtoto alipokufungulia moyo ulikimbilia mashine ya nyasi, na hilo lirekebishe leo leo. Kaa naye, umwambie ulikuwa unaogopa nini ulipokuwa na umri wake. Na usiniambie mimi kwamba hukuogopa kitu, nilikuwa ofisini pale, nimewaona wachezaji wengi wakija kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani na tumbo linalouma siku ya mtihani.

Kesho asubuhi kabla ya kengele nenda karakanani kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie, "Mwalimu, mguu wako mzima, mwanangu amekutaja wewe. Asante." Kisha funga mdomo, nawajua ninyi watu wa bodi. Akilia, mwache alie. Ukilia na wewe, pale kuna vumbi la kutosha la kusingizia.

Suti ichukue kwa dobi uivae, ukae mbele na wenzako. Mwenyekiti atatangaza, kama kila mwaka, kwamba familia zisishangilie mpaka jina la mwisho lisomwe. Kanuni hiyo mliipitisha wenyewe, na naamini na wewe uliinua mkono. Basi jina la Emmett likisomwa, na yule mama akanyoosha mkono wenye cheti, simama mbele ya bodi nzima uivunje kwa sauti yako yote.

Shangazi Dottie