Mboga Aliyokula Mama

Naliendele, Mtwara
Jumapili

Kaka yangu Faraji,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na jiko la hoteli huko Unguja halijakumaliza nguvu. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu kwa uhai, ila usitegemee barua ya kuchekesha. Ningekupigia, lakini kila nikifika kwenye jina la mkeo unanikatia simu. Basi nimempa Paulo wa bandarini akuletee hii mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uisome yote.

Kwanza Mama. Yuko hai. Mkono wa kushoto bado mzito na mdomo umekwenda upande kidogo, lakini juzi alikaa kitandani mwenyewe, akaomba chai, akanigombeza kwamba haina sukari. Nilitoka nje nikalia.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana wewe umesikia nusu tu ukapandisha mori. Tangu Mama aanze presha, wifi yangu Farida ndiye anayempikia kule kijijini Kitaya, kando ya mto. Na wewe mwenyewe ulitusimulia habari za wale wazee wa Kiitaliano wanaofikia hotelini kwenu, watu wa miaka themanini wanapanda ngazi bila kushika ukuta. Ulisema mgeni mmoja daktari alikueleza kwamba moyo wao unalindwa na chakula cha kwao, cha nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania: samaki, maharage, matunda, korosho zisizotiwa chumvi, nyama nyekundu kwa nadra, na mafuta ya zeituni. Ukatuma na chupa. Kaka, sisi tulidhani ni dawa! Huku zeituni tunaijua ya kusomewa dua na kupakwa. Mama aliipaka magotini mpaka ikabaki nusu ndipo Farida akaambiwa kwamba inatiwa kwenye chakula. Siku hiyo tulicheka sana.

Farida alishika maelekezo uliyomtumia kwa sauti kwenye simu kama amri. Ugali wa Mama ukawa tonge chache, nyama akaikata, samli akaificha. Presha ikapanda. Kila walipokwenda zahanati waliulizwa kama mgonjwa anakula mboga, naye Farida akajibu kwa fahari kwamba anakula mchana na jioni, tena nyingi kuliko ugali. Akasifiwa. Presha ikapanda tena. Mama akaanza kulalamika kwamba kisogo kinamgonga, na Farida, maskini ya Mungu, akazidisha mboga.

Asubuhi aliyoanguka, Mama alikuwa anafagia uwanja. Farida alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na mwili wake ule mdogo unaoujua, hadi wakapata gari la kuja mjini. Nilipowakuta hospitali, Mama alinitazama akashindwa kutamka jina langu. Niliogopa, Faraji. Sijawahi kuogopa vile.

Kesho yake Farida akaleta hotipoti ya chakula cha mgonjwa. Nesi mmoja, Neema, si mtu wa huku, akamuuliza amepika nini. Farida akasema mboga. Neema akafunua. Mlikuwa na ng'onda, samaki wetu yule wa kukaushwa kwa chumvi, ameungwa kwa nazi, amejaa mpaka kwenye mfuniko. Nesi wa watu alishika kichwa. Akauliza kama hiyo ndiyo mboga anayopewa kila siku. Farida akajibu ndiyo, mto umejaa, samaki wabichi hawapatikani, kwani kuna mboga gani nyingine? Aliuliza kwa moyo safi kabisa. Kwetu chochote unacholia ugali ni mboga, awe samaki, awe kuku. Majani tunayataja kwa majina yake, kisamvu, mlenda, matembele.

Habari ikakufikia kwamba Mama amelishwa chumvi. Hukuuliza lolote. Ulimpigia Farida akiwa kwenye benchi la wodi, ukamwambia amemuua mama yako, na siku Mama akiruhusiwa asimkute nyumbani, karatasi ya talaka unaiandika. Nilikuwa kando yake, nilisikia kila neno kwa jinsi unavyofoka. Yeye alisema tu sawa, mume wangu. Ameshafunga nguo zake. Mama anaruhusiwa Alhamisi, na siku hiyo hiyo Farida anataka kupanda gari la kwao Newala.

Nilimuuliza kwa nini hajitetei, akaikumbatia simu yake. Nikamnyang'anya simu. Ndiyo, nilimnyang'anya, unanijua. Humo ameweka ile sauti uliyomtumia, nami nimeisikiliza. Ni wewe, kaka, unamwagiza ampunguzie Mama ugali na ampe mboga kwa wingi. Mboga, mboga, umerudia kama unanadi mitumba! Na ukamwonya kwamba akizembea atakujua wewe ni nani. Majani hukuyataja hata mara moja. Umekaa Unguja, umezoea lugha ya huko, ambako mboga ni majani, umesahau mboga ya kwenu ni nini.

Farida huisikiliza sauti hiyo kila anapotaka kupika, asije akakosea. Aliniomba kwa machozi nisikwambie. Alisema ukijua kwamba ni neno lako lililomwangusha Mama hutapata usingizi maishani mwako, afadhali umchukie yeye. Mimi sina roho hiyo. Ndiyo maana nimekuandikia.

Siku hizi anampikia Mama matembele na maharage, na samaki wabichi ninaowanunua feri, chumvi hakuna, na zeituni yako kijiko kimoja. Presha imeanza kushuka.

Mama amepata habari ya talaka. Maneno yake bado yanakwama, lakini haya aliyarudia mpaka nikayashika: ukiandika karatasi hiyo, uandike mbili, maana yeye na Farida watatoka pamoja.

Wasalimie wenzako wa jikoni. Farida hajakusalimu kwa sababu hajui kama naandika. Mpigie wewe, na safari hii umwache aongee.

Mdogo wako akupendaye hata ukikasirika,
Tatu