Mlango wa Batuli

Mbaraka, sheria hii hata mtoto anaijua: mjane aliye edani hatoki nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Radjabu, ndugu wa marehemu Athumani, naye anaijua. Ndiyo maana ameichagua siku ya leo.

Ameleta mafundi! Edani! Wameezua nyasi za Athumani ili wapige mabati kama ya Wadachi wa Usumbura, na kutia dirisha la kioo.

Batuli, mjane wa Athumani, akasema kutoka nyuma ya mkeka, "Mabati pigeni. Lakini muniachie mulango. Athumani aliuchonga kwa mukono wake."

Radjabu akacheka. "Shemeji, wewe kaa tu. Raha inakufuata humo humo ndani!"

Kaa tu! Ndivyo alivyosema, Mbaraka. Kaa tu!

Mlango ukang'olewa, ukapasuliwa kwa msumeno upate kuwa miimo ya dirisha. Batuli aliusikia msumeno tangu mwanzo hadi mwisho, asiweze kuvuka kizingiti akamshike fundi mkono, wala kwenda kuwaita wazee. Nasi majirani tulibaki njiani, vichwa tumeinamisha.

Wazee walipofika, mlango ulikwisha kuwa vipande. Wakamtoza Radjabu mbuzi mmoja wa kumfidia Batuli. Akamtoa papo hapo, bila kubisha.

"Mutamufunga wapi?" akauliza Batuli. "Kwangu hakuna mulango."

Wamemfunga pale pale uwazini, mlango ulipokuwa. Sasa mbuzi ndiye anayewazuia watu wasiingie.