Simu ya Kamati

Mdogo wangu,

Salamu nakupa, maana salamu hanyimwi mtu hata kama moyo umevimba. Natumaini mnakaa salama huko kwa wakwe zako na watoto wanalala vizuri. Mama hajambo, ila miguu. Mimi afya ninayo; usingizi ndio umenihama. Wifi aliandika kuwa umekonda. Niliposoma hivyo nilitaka kukuonea huruma, nikashindwa.

Kwanza habari za mtaa. Kiwanda bado kimefungwa. Mabati ya stoo yako yameshika kutu upande ule gesi ilipotokea, na miti ya ukutani imepukutika majani yote. Shule imefunguliwa wiki hii, watoto wanataniana nani alikimbia bila viatu. Fundi Saa tumemzika, hilo unalijua ingawa hukuja. Saa za watu bado zimepangwa mezani kwake, na wenyewe wanaona haya kuzifuata.

Sasa nivumilie, nianzie mbali kidogo. Ni wewe uliyenivuta kwenye kamati ya dharura. Mimi fundi cherehani, mambo ya klorini nitayajulia wapi? Ukasema mtaa wetu uko chini ya kiwanda, na mitungi ile wewe mtunza stoo unaijua, siku ikivuja tutakwisha kama mende. Ulishika chaki ukatuchorea: gesi hii ni nzito, huteremka na kukaa chini, kwa hiyo tusikimbilie bondeni, tupande shuleni, kitambaa kilicholowa maji kikiwa puani. Tena ukatoa sharti ambalo wote tuliliafiki, kwamba atakayekuwa stoo akiona mtungi unavuja apige simu ya kamati kabla hata hajamwendea meneja. Simu hiyo nikakabidhiwa mimi katibu, kwa sababu nashinda nyumbani.

Nilijiona mtu kweli kweli. Nilishona vizibao kumi na viwili vya manjano kwa mapazia ya zamani, nikapita nyumba kwa nyumba kuandika nani hawezi kutembea. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Fundi Saa na miguu yake iliyopooza. Siku ya zoezi vijana wanne walimpandisha kwa machela hadi shuleni kwa dakika kumi na moja, yeye mwenyewe akiwapimia kwa saa ya mteja. Walipomtua akawaambia warudie, hajashiba upepo wa huku juu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Basi siku yenyewe ikafika. Saa nne kasoro dakika tano asubuhi wifi alisimama mlangoni kwangu na watoto, teksi ikinguruma nje. Alisema anakwenda kumwona shangazi yake na amemkumbuka mama, atoke naye akapunge hewa. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilimfunga mama kilemba, nikamtafutia viatu, nikamsifu wifi kuwa mkamwana wa namna hii siku hizi hapatikani. Hakunitazama usoni. Nikarudi kwenye cherehani kumalizia suruali ya mtu, simu ya kamati iko mbele yangu, chaji imejaa.

King'ora kililia saa nne na nusu. Wakati huo harufu ilishaingia vichochoroni na watu wanatoka macho yakiwachuruzika. Nilipuliza filimbi hadi midomo ikachanika. Vijana wa machela walimkuta Fundi Saa ameanguka chini ya meza yake, sakafuni kabisa, kule kule ulikotufundisha kuwa gesi hukaa. Alimaliza siku mbili hospitalini, akakata roho.

Jioni ile ulikuja kwangu ukilia. Ulisema ulipiga simu ya kamati mara tatu, mtandao ukagoma. Ukaniomba niwaeleze wenzangu, maana watu watakutafuna. Nilikuamini. Mtoto niliyembeba mgongoni, ningeanzia wapi kutomwamini?

Juzi mama alikuwa anakata kucha. Unamjua, siri kwake hailali. Akasema, kama anayesimulia habari za kuku, kwamba ndani ya teksi wifi alimhimiza dereva kwa kuwa ulikuwa umempigia simu: dawa ya kiwandani imefunguka, na meneja amekataza isitangazwe mpaka wajaribu kuiziba. Mama akauliza mbona mimi nimeachwa. Wifi akamjibu kuwa wewe mwenyewe ulisema dada asiambiwe, kwani akiambiwa atapuliza filimbi, na kazi yako itakuwa imekwenda. Nilimwomba mama arudie. Akarudia vilevile.

Umenisaliti, mdogo wangu, na neno lingine sina. Ungepatwa na woga tu ukasahau, ningekusamehe. Lakini ulikaa ukafikiri, ukachagua nani aambiwe na nani asiambiwe, ukaniacha nimekaa kwenye cherehani na mtaa mzima nyuma yangu. Dakika thelathini na tano. Kwa muda huo tungempandisha Fundi Saa shuleni, tukamshusha, tukampandisha tena.

Sasa na langu nikuambie, maana nami si msafi. Mbele ya kamati niliongeza chumvi. Nilisema si mtandao, simu zako tatu nimeziona kwa macho yangu, kwamba mimi ndiye niliyeiacha simu chumbani nikazikuta baadaye. Hukunituma hayo. Niliona wanavyokukazia macho, nikajitupa mbele. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Katibu Kiziwi, na hilo ningelivumilia. Lakini jana mjane wa Fundi Saa alikuja na sketi yake nimpunguzie kiuno, akaniambia amenisamehe, kila mtu huisahau simu. Nikamweleza yote, yako na yangu. Aliichukua sketi yake mikononi mwangu akaondoka bila kuaga.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wachunguzi wa ajali nikatoa maelezo upya, na simu nimeirudisha kwa kamati. Nimeandika jina lako, nimeandika na la kwangu. Watakuita; usijifiche. Mama hasemi nami, anadai nimemuuza mwanawe. Mimi pia ni mwanawe.

Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda. Wifi naye msalimie. Ya kusema naye ninayo, ila yatangoja. Na siku utakayorudi, usianzie kwangu. Anzia kwa mjane, ubishe hodi mwenyewe. Mimi sitakusindikiza.

Ni mimi,
Dada yako