Mkono Usio na Chama

Fairmere, 14 Septemba 1969

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha kiwanda cha pamba kimeona aibu kikakuachia. Mimi ni mzima. Mama mwenye nyumba hunipa viazi kila siku, na Jumapili hunipa viazi na nyama, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Kazi nimeanza. Katika ofisi ya Karani wa Mji hakuna aliye mdogo kuliko mimi. Nabeba makabrasha, natengeneza chai, na madiwani wakianza kufokeana nafunga madirisha ili watu wa nje wasisikie. Karani wetu, Bwana Lovelock, huvaa wigi la manyoya ya farasi siku za kikao, na hakuna anayecheka.

Jana nilimwambia, kwa kujisifu kidogo, kwamba nimelelewa na shangazi aliye wa Leba, chama cha wafanyakazi, tangu tumboni mwa mama yake. Akaweka kalamu chini. "Entwistle," akasema, "habari za shangazi yako si zangu, na zako sitaki kuzijua. Kuanzia leo huna chama. Ukitaka kuwa nacho, mlango uko pale, na mvua imekatika."

Nimekuwa nikilitafakari neno hilo. Nadhani nalipenda. Usinikasirikie.

Mwanao,
Gilbert


Ramsclough, 21 Septemba 1969

Gilbert mwanangu,

Kikohozi kipo, kimezoea nyumba. Mengine ni salama. Bi Ogden wa mlango wa pili anakusalimu, na anauliza kama watu wa kusini wanajua kupika njegere.

Sasa nikuseme. Mtu asiye na chama ni mtu aliyeegemea ukuta akitazama wenzake wanavyosukuma gari lililokwama. Tangu kaka yangu alipofariki nikakuchukua, sikukusomea hadithi za sungura. Nilikusomea magazeti, tena nikikuonyesha mstari kwa mstari wapi wanadanganya. Leo mzee mwenye nywele za farasi anakwambia neno moja, nawe unalipenda.

Nilimlalamikia Bi Ogden. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hettie," akasema, "umemlea miaka yote awe mbishi, na ubishi wake wa kwanza amekufanyia wewe." Nikamnyima chai ya pili.

Basi sikiliza. Mifereji ya maji machafu ya mji huu haikuchimbwa na mabwana wa viwanda. Ilichimbwa na halmashauri. Kabla yake kipindupindu kiliwachukua watoto wa mitaa hii bila kuuliza baba zao walimpigia nani kura. Kama unataka kuwa mtumishi, kuwa mtumishi wa namna hiyo, wa mifereji. Ukiwa wa chai na madirisha tu, nitakuja huko kukurudisha kwa sikio.

Shangazi yako,
Hettie


Ramsclough, 3 Februari 1983

Gilbert mwanangu,

U hali gani, na miguu imekauka? Huku ni theluji na ukosefu wa kazi. Mimi ni mzima, na hasira ndiyo inayonitia joto.

Nimesoma habari za mafuriko ya huko kwako Saltby. Nimesoma magazeti manne, maana maktaba yetu bado haijafungwa, ingawa mawaziri wa London wanaitamani. Katika yote manne nimemwona Meya wako amevaa mkufu wake wa cheo na viatu virefu vya mpira, amesimama ndani ya maji ya kifundo cha mguu. Waziri naye nimemwona, kashuka kwenye helikopta na koti jipya. Jina la Gilbert Entwistle, Naibu Karani, sikuliona hata kwa herufi ndogo.

Lakini Bi Ogden ana binamu huko. Binamu kasema kwamba usiku ule maji yalipopita ukuta wa kuyazuia, mtu mmoja mwembamba alifungua shule zote bila kusubiri ruhusa ya kamati yoyote. Kaamuru mabasi, kaamsha wapishi wa shule, na asubuhi watu wote wa mtaa wa chini walikuwa hai wakinywa uji. Binamu akamuuliza, "Na wewe nani?" Yule mtu akasema, "Mimi natoka halmashauri."

Nimeandikia magazeti yote manne. Nimewaambia nchi hii haishikiliwi na wenye mikufu. Inashikiliwa na watu wanaosema "natoka halmashauri" na kuendelea na kazi. Hawakuichapa. Sasa nawaandikia kuuliza kwa nini.

Shangazi yako,
Hettie


Saltby, 9 Juni 1992

Shangazi mpendwa,

Natumaini u mzima na bustani imekubali. Sisi sote wazima. Mke wangu Beryl anakusalimu, na tayari anafunga vyombo.

Wamenipa. Kuanzia Septemba nitakuwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Ramsclough. Nilipotoka kwenye usaili nilisimama mbele ya ukumbi wa mji nikaitazama ile saa, na nikalazimika kujifanya natafuta kitu mkobani.

Kuna jambo lazima nikuambie mapema. Wewe ndiye mtu anayejulikana zaidi mjini kwa ugomvi, na nyumbani kwako ndiko chama kinakokutana kila Jumanne. Mkurugenzi ndiye mshauri wa madiwani wote, na ndiye msimamizi wa uchaguzi. Kwa hiyo Jumanne sitakanyaga kwako, na miezi ya uchaguzi sitakanyaga kabisa. Nitakuandikia. Usione nimekutupa.

Mwanao,
Gilbert


Ramsclough, 12 Machi 1995

Gilbert mwanangu,

Hujambo huko mbali, mtaa wa tatu kutoka kwangu? Mtu wa posta anasema hajawahi kubeba barua za safari fupi kuliko zetu, na kila akinipa yako ananitazama kama mjane. Mimi ni mzima.

Nakuambia kabla hujaisoma gazetini: nagombea udiwani kata ya Tenter. Miaka yote nimekuwa nikiwapigia kelele madiwani kutoka roshani ya umma ya ukumbi wa mji, mpaka wewe mwenyewe ukanitoa nje. Sasa nataka kupiga kelele nikiwa nimekaa kitini.

Sababu unaijua. Diwani Pilling na Wahafidhina wenzake wakichukua halmashauri watalifunga bwawa la kuogelea la Mtaa wa Tenter. Nimewafundisha watoto wa mji huu kuogelea pale tangu wewe ulipoondoka. Nilikuwa na mikono isiyo na kazi. Wahesabu wa chama wanasema viti vitakaribiana mno, na huenda kata yangu ndiyo itakayoamua.

Mpinzani wangu ni Raymond Pilling mwenyewe, muuza mazulia. Sitasema zaidi kwa kuwa barua inasomwa na Mkurugenzi.

Shangazi yako,
Hettie


Ramsclough, 20 Aprili 1995

Mheshimiwa Mgombea, na Shangazi mpendwa,

Natumaini u mzima na hunyeshewi sana huko milangoni mwa watu. Sisi tu wazima.

Narudisha kipeperushi cha kuomba kura ulichopenyeza chini ya mlango wangu, ambacho umeandika kwa mkono, "Na wewe pia." Cha Bwana Pilling nacho nimekirudisha, ingawa yeye hakuongeza neno.

Nakutakia afya. Kingine siruhusiwi kukutakia.

Mwanao,
Gilbert


Ramsclough, 7 Mei 1995

Shangazi mpendwa,

Natumaini umepumzika. Mimi bado.

Nimefanya kazi hii zaidi ya robo karne na sijawahi kuona kura zikilingana kama zako na za Pilling. Tulihesabu tena mbele yenu, zikalingana tena. Sheria haina huruma wala ubunifu: msimamizi achague kwa bahati nasibu. Nilitoka kwenda kumwomba Bi Crompton, naibu wangu, aweke mkono wake badala ya wangu, kwa kuwa hakuna paka mjini asiyejua nani alinilea. Niliporudi naye, Pilling akasema hataki mkono mwingine ila wangu. Nawe ukasema hivyohivyo. Sijui mlisemezana nini.

Nikaingiza mkono sandukuni, kwenye karatasi zenu mbili, nikatoa jina la Pilling. Kiti kile ndicho kilichowapa wenzake halmashauri. Bwawa litafungwa, na mimi ndiye nitakayetekeleza.

Nasikia chama chako kinataka kwenda mahakamani kudai kwamba mkono wangu haukustahili kugusa lile sanduku. Wewe ndiye mgombea, wataitaka saini yako. Una haki ya kuitoa, na pengine utapata kiti. Nami nitajiuzulu siku hiyohiyo, maana msimamizi ambaye mkono wake umetiliwa shaka mahakamani hana kazi tena mji wowote. Sikuombi kitu. Nakuarifu tu, kama ningemwarifu mgombea yeyote.

Hapana. Yeyote nisingemwandikia Jumapili.

Mwanao,
Gilbert


Ramsclough, 28 Mei 1995

Gilbert mwanangu,

Mimi ni mzima. Natumaini na wewe, ingawa Beryl ameniambia sokoni kwamba huli.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Muda wa kufungua kesi ulikwisha juzi. Barua yangu ingekufikia kabla ya hapo, mtu angesema tumepanga. Unaona ulivyoniharibu: nimeanza kufikiri kama karani.

Kwanza nikuambie usichokijua. Ulipotoka kumtafuta Bi Crompton, tulibaki mimi na Pilling na lile sanduku tupu katikati yetu. Nikamwambia, "Basi, Raymond, leo huenda ukachaguliwa na kipande cha karatasi. Ni zaidi ya wanavyokupenda watu."

Akasema, "Hettie, nikishinda utanipigia kelele miaka minne. Nikishindwa utanipigia kelele miaka minne. Katika chumba hiki asiye na bahati ni mimi."

Nikamuuliza kama ameridhika na naibu. Akatikisa kichwa. "Crompton ni mtu mwema, lakini simjui. Yule wako namjua. Siku walipojadili gereji yangu alinitoa nje ya kikao mbele ya watu wote, eti diwani hakai panapojadiliwa mali yake. Nilimwita majina ambayo sitayarudia mbele yako."

"Yarudie, nijifunze."

"Na wiki ileile akakutoa wewe roshani kwa kupiga kelele."

"Kwa kuimba," nikamsahihisha.

"Kwa kuimba vibaya. Mtu aliyetutoa nje sisi wote wawili, Hettie, mkono wake ndio ninaoutaka. Mkono huo ukinitoa tena, nimekubali."

Nimegombana na Raymond Pilling tangu angali na nywele. Hatujawahi kukubaliana hata juu ya kama mvua inanyesha au la. Nilimtazama nikaona, kwa aibu kubwa, kwamba yuko sahihi.

Kisha ukarudi. Ukakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko kila mtu aone, ukageuza uso ukutani. Wewe ulikuwa unatazama ukuta. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilikitaka kile kiti, Gilbert. Nilikitaka mpaka meno yaliniuma. Uliposoma jina lake, sauti yako haikutetemeka. Iliyotetemeka ni ya Pilling alipokushukuru.

Sasa, habari za chama. Walikuja Jumanne na pai zao, na Neville Sugden, katibu wetu, kaweka kalamu mbele yangu kama padri anayebatiza. "Dada Hettie, saini tu. Mpwa wako hakupaswa kugusa sanduku lile."

"Nani aliyemkubalia?"

"Wewe, lakini ulikuwa na mfadhaiko."

"Neville, mimi na mfadhaiko hatujawahi kutambulishana."

Mwingine nyuma akanong'ona kwamba ulichagua jina la Pilling kusudi ili uonekane mwadilifu. Nikageuka. "Ala. Kumbe mkono wa Gilbert unasoma? Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na nakuhakikishia alihitaji macho yote mawili."

Walicheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Nikawaambia hivi: mnataka halmashauri yenye kututetea wanyonge, na mimi nataka. Lakini mnyonge huponea nini siku adui yake ameshika madaraka? Huponea kwamba yupo mtu mmoja pale ndani ambaye hanunuliki kwa chama, wala kwa urafiki, wala kwa damu. Tumempata mmoja. Tumemlea wenyewe, katika mtaa huu, kwa viazi vyetu. Na kwa kuwa mkono wake umekataa kuiba kiti kwa ajili yetu, mnataka niukate. Nikiutia saini uongo huo, kesho Pilling akitaka kuiba, tutamwita nani?

Neville akasema sheria inawaruhusu pia wapiga kura wanne kufungua kesi bila mgombea. Nikamwambia awatafute, ila kila mmoja apite kwangu kwanza anieleze uso kwa uso. Hakupita mtu.

Nilikwambia zamani kwamba asiye na chama ameegemea ukuta. Kumbe kuna anayeegemea ukuta kwa kuwa yeye ndiye anayeuzuia usituangukie sote. Nimesema. Sitasema mara ya pili, na ukinukuu nitakana.

Jumatano saa tatu asubuhi utakuja kubandika tangazo la kufunga bwawa. Najua utakuja mwenyewe, hutamtuma mtu. Tutakuwa pale, watoto wangu wa kuogelea na wazazi wao, na vifuniko vya sufuria, na bango ambalo Pilling hatalipenda. Mimi sijashindwa, nimekosa kiti tu, na bwawa hili nitaligombania mpaka lifunguliwe au nizikwe. Nasikia mlinzi anataka kukupitisha mlango wa nyuma. Usikubali. Vaa suti nzuri, pita mbele, katikati yetu, polepole. Nitakuzomea kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na nataka mji mzima uone ni nani ninayemzomea.

Shangazi yako,
Hettie