Mashine Inayozunguka Tupu

Nyumba ya Nyuma ya Duka la Mikate,
Jumapili mchana, 9 Machi.

Wifi yangu mpendwa,

Habari za huko, na magoti yanasemaje? Naomba yawe yamepoa. Watoto hawajambo, wanakula utadhani kesho hakuna chakula. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia hata kidogo.

Nianze na la kufurahisha. Mdogo wako ametuzwa tena mwokaji bora, safari hii kwa ule mkate wa ngano nzima uliomfundisha mwenyewe. Kichwa kimemvimba, anatembea mtaani kama bwana harusi.

Sasa jikaze, wifi. Wiki iliyopita niliisikia mashine ya kukandia unga ikinguruma muda mrefu, nikaingia kumuuliza kama atakunywa chai. Mashine ilikuwa inazunguka tupu, haina hata kijiko cha unga. Yeye ameinama nyuma yake, anakohoa mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Kumbe huiwasha ili nisimsikie.

Nilimbana mpaka akasema ukweli. Daktari amemwambia ni vumbi la unga, amelivuta miaka yote hii na mapafu yamechoka. Asipoacha kuoka, hatafika mbali. Na mimi alikuwa ameniambia ni mafua.

Nikamsihi tufunge duka, tutafute kazi nyingine yoyote. Akajifuta unga usoni taratibu.

"Mke wangu, nikiacha mkate nitakuwa nani?"

Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe.

Tangu siku hiyo naishi roho mkononi. Mashine ikiwaka, naacha ninachofanya nasikiliza. Naogopa, wifi. Naogopa siku nitakayoingia nimkute sakafuni.

Daktari hamsikilizi, na mimi ananiona mwoga tu. Wewe ndiye uliyemlea baada ya mama yenu kufariki, na ndiye uliyemshika mikono akakanda mara ya kwanza. Ukimkataza wewe, hatakuwa na pa kukimbilia. Usimwandikie, ataficha barua. Njoo.

Akikuuliza umejuaje, usinifiche, mwambie ni mimi. Acha anichukie maisha yake yote, ilimradi yawe marefu.

Msalimie shemeji, na jirani yenu Bibi Kicheko, na kitinda mimba wenu mwambie nguo zake nimeshazishona. Mungu akufungulie njia, akuwahishe.

Wako akupendaye, anayekungoja mlangoni,
Wifi yako.